Umenunua BMW X1 ya mtumba? Fanya hivi ujue kama kuna kasoro ya kiwandani haijarekebishwa

Kiwanda kikigundua gari ilitoka na kasoro inayoweza kuumiza mtu, kinamtumia barua mwenye gari ailete irekebishwe bure. Hiyo ndo rikoli. Sasa sisi tunaonunua mtumba tuna tatizo moja kubwa, barua inafata jina lililopo kwenye usajili wa kule kule. X1 yako ilisajiliwa Nagoya au Birmingham, barua ikaenda huko, mwenyewe alishaipeleka mnadani zamani, gari imepanda meli imeshuka Dar au Mombasa imekaa yadi imefika kwako inang'aa, kasoro iko ndani vile vile na hakuna hata mtu mmoja njiani aliyekwambia. Mara nyingi hata muuzaji wa yadi hajui, tena hana sababu ya kutafuta. Inabidi uitafute mwenyewe, na ukiwa na bando ni kazi ya nusu saa tu.

Hapa naongelea zaidi X1 ya kwanza, ile mafundi wanaita E84, ya 2009 mpaka 2015. Lakini kama una X3, Audi Q5, Evoque au GLK njia ni ile ile, kinachobadilika ni tovuti na aina ya kasoro.

Hatua ya 1: chukua chesisi namba kwenye gari yenyewe

Usianze na kadi, anza na gari. Namba ina herufi na tarakimu 17, kwa X1 za Ujerumani inaanza na WBA. Utaiona chini ya kioo cha mbele ukichungulia kutoka nje, iko kwenye stika ya nguzo ya mlango, na imegongwa kwenye bodi ukifungua boneti. Piga picha zote, alafu ndo ulinganishe na kadi. Zikitofautiana hata herufi moja simama hapo hapo, hiyo ni kesi nyingine kabisa na ni kubwa kuliko rikoli.

Kuna kosa watu wanafanya sana wakiandika. Kwenye chesisi namba hakuna herufi I, wala O, wala Q. Ukiona kitu kama O jua ni sifuri, ukiona kama I jua ni moja. Nimeshaona mtu anahangaika wiki nzima tovuti inamwambia namba haipo, kumbe ameandika O.

Alafu usikadirie mwaka kwa kuangalia herufi ya kumi kama unavyoambiwa mtandaoni, hiyo inafaa kwa gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, BMW za masoko mengine mara nyingi pale pana sifuri tu. Zipo tovuti za bure za kusoma namba za BMW, unaweka zile saba za mwisho inakupa mwezi na mwaka gari ilipotoka kiwandani na aina ya injini. Andika hivyo viwili pembeni, utavihitaji.

Hatua ya 2: jua gari ilitengenezwa kwa soko gani

Hapa ndo wengi wanapotea. Mtu anaingia tovuti ya Marekani, ile ya NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, anaweka namba ya gari iliyotoka Japani, inamwambia hamna rikoli, anafunga simu anafurahi. Ndugu yangu, ile tovuti ni ya gari zilizouzwa Marekani. Gari ya Japani au Uingereza haimo mule, kwa hiyo jibu la "hamna" halina maana yoyote kwako. Na hata kwa za Marekani yenyewe inaonyesha rikoli ambazo hazijafanyiwa kazi tu, na kwa kawaida hairudi nyuma zaidi ya miaka 15.

Kama gari ilitoka Japani utakuwa na cheti cha Kijapani cha kusafirishia gari nje, na BMW Japani wana ukurasa wa kuangalia rikoli kwa chesisi namba. Umeandikwa Kijapani ila simu inatafsiri yenyewe, usiogope. Wizara yao ya usafirishaji nayo inatangaza rikoli zote. Ila angalizo kwa wenye Harrier na ndugu zake, gari za Kijapani zenyewe hazina namba ya 17, zina ile fupi yenye dashi kama inayoanza na ACU30, na unaiweka kwenye tovuti ya Toyota ya Japani. BMW hata kama iliuzwa Japani inabaki na 17.

Kama ilitoka Uingereza we una bahati, kule ni rahisi kuliko kote. Tafuta ile pleti namba yake ya zamani ya kule, ipo kwenye karatasi ya usajili wa Uingereza ambayo muuzaji anatakiwa awe nayo. Iweke kwenye tovuti ya serikali yao ya historia ya ukaguzi wa gari, inaitwa MOT, utaona kilomita za kila mwaka, ilifeli nini, na kama kuna rikoli inasubiri. Bure. Mi kwa kweli hata kama sina shida na rikoli naangalia hii kwa ajili ya kilomita tu.

Wenzetu mlioko Marekani nyie endeleeni na NHTSA, hiyo ni yenu.

Hatua ya 3: jua unatafuta nini kwenye X1

Ya kwanza na ya hatari kuliko zote ni eabegi za Takata. Hii kaa chini uisome taratibu.

Eabegi ikitaka kufumuka kuna kikopo cha chuma ndani kinalipuka kidogo kinatoa gesi inayojaza mfuko. Takata, kampuni ya Japani, walitumia amonia naitreti kwenye hivyo vikopo. Ile kemikali ikipata unyevunyevu na joto la kupanda na kushuka, mchana kali usiku imepoa, mwaka baada ya mwaka, inaharibika na ikija kuwaka inawaka kwa nguvu kupita kiasi. Kikopo kinapasuka chenyewe, vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Ajali ndogo tu ya kugongana foleni, ambayo ungeshuka ukaangalia bampa, inakuwa kifo. Marekani peke yake viliitwa vikopo karibu milioni 67, mamlaka zao zimethibitisha watu 28 wamekufa, na Takata wenyewe walifilisika Juni 2017.

X1 za 2013 mpaka 2015 zilizouzwa Marekani zipo kwenye hiyo orodha upande wa dereva, na X3 za 2007 mpaka 2010 pia. Ya kwako ya Japani au Uingereza usikisie, weka namba.

Sasa kwa nini napiga kelele kuhusu hili. Marekani walipopanga nani abadilishiwe kwanza waliangalia hali ya hewa, wakaanza na sehemu za joto na unyevu kama Florida, Hawaii na pwani ya Ghuba ya Meksiko. We kaa ufikirie Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa. Gari inalala nje, jua la saa nane kwenye parking isiyo na kivuli, unyevu wa bahari mwaka mzima, na ina miaka kumi na kitu. Gari ambayo Hokkaido, kule Japani kwenye baridi, ingekaa muda mrefu bila kuharibika, huku inazeeka haraka. Sisi tulitakiwa tuwe wa mwanzo kwenye foleni na hatumo hata kwenye foleni.

Na kingine, kuanzia Mei 2018 Japani walianza kuzikatalia ukaguzi gari zenye eabegi za Takata za kundi la hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa. Ni uamuzi mzuri kwa watu wao. Ila gari ambayo haipiti ukaguzi kule mwenyewe anaipeleka wapi? Mi nina wasiwasi baadhi zilielekea mnadani na kwenye meli.

Elewa pia kwamba taa ya eabegi kwenye dashbodi haikwambii chochote kuhusu hili. Kikopo kibovu cha Takata hakiwashi taa. Taa inahusu waya, sensa na mambo ya umeme. Ukiwasha swichi inatakiwa iwake sekunde chache izime, isipowaka kabisa ujue kuna mtu ameichezea. Kuna gereji moja nilikuta fundi anamkata mteja waya wa taa ili gari "isisumbue", mteja kalipa na kashukuru. Angalia hiyo taa kila unaponunua gari.

Ya pili ni wotapampu. Hii ni mpya kidogo, Agosti 2024 BMW waliita Marekani gari zaidi ya laki saba na elfu ishirini za 2012 mpaka 2018, X1 na X3 zikiwemo. Wotapampu ya hizi gari ni ya umeme, na plagi yake haikuzibwa vizuri, majimaji yanayotoka kwenye bomba la kupumulia injini yanaweza kudondokea pale pale kwenye plagi, yakiingia inapiga shoti, inapata moto na gari inaweza kuwaka. Marekebisho yake sio makubwa, wanakagua pampu, ikiwa imeathirika wanabadilisha, alafu wanaweka kinga juu ya plagi. Injini ya N20, ile ya turbo lita mbili iliyopo kwenye X1 za 20i na 28i za baadaye, ndo uiangalie kwa jicho la karibu. Ukisikia harufu ya plastiki inaungua au taa ya joto imewaka, simamisha gari, zima, watoe watu wote, usifungue boneti kama unaona moshi.

Ya tatu ni ya umeme na inawahusu wenye gari za Uingereza. Mei 2018 kule ziliitwa BMW zaidi ya laki tatu, 1 Series, 3 Series, Z4 na X1, zilizotengenezwa kati ya Machi 2007 na Agosti 2011. Kiungio cha waya mkubwa wa betri kwenye boksi la fyuzi kinaharibika, umeme unakata wote ghafla ukiwa barabarani, injini inazima na taa zinazima, hata taa za breki. Mtu mmoja alikufa kule siku ya Krismasi 2016 akijaribu kuikwepa BMW iliyozima gizani katikati ya barabara bila taa yoyote. Fikiria hiyo Chalinze usiku na malori yanakuja nyuma. Kwa hiyo kama X1 yako ni ya mwanzoni, imetoka Uingereza, na inazima zima umeme alafu inarudi, usikubali uambiwe ni betri ukabadilisha betri tatu.

Hatua ya 4: nenda kwa wakala rasmi, na uende na maneno yako

Wakala rasmi wa BMW akiingiza chesisi namba kwenye mfumo wa kiwanda anaona kila rikoli iliyopo na kama ilishafanyika, haijalishi gari iliuzwa nchi gani. Hii ndo njia ya uhakika kuliko tovuti zote. Usiende ukauliza "gari yangu ina shida gani", utauziwa sevisi. Tuma ujumbe wa maandishi kwanza, kitu kama hiki:

"Habari za kazi. Nina BMW X1, chesisi namba ni hii hapa. Naomba mniangalizie kwenye mfumo wa kiwanda kama kuna rikoli yoyote ya usalama haijafanyika, hasa eabegi ya dereva na wotapampu. Kama ipo naomba mnijulishe ni ipi, spea inapatikana lini, na mnithibitishie kama kazi ni bure. Asante."

Ukishaandika hivyo una kumbukumbu. Kazi ya rikoli ni gharama ya kiwanda, sio yako, hata kama gari umeinunua mkono wa nne, kwa sababu rikoli inafata gari haifati mtu. Wakisema wao hawashughulikii gari ambazo hawakuziuza, usigombane dirishani, omba wakuandikie hivyo, alafu uwaandikie BMW makao makuu Ujerumani au ofisi ya BMW ya nchi gari ilikotoka, ambatanisha picha ya chesisi na hilo jibu. Kwa Tanzania unaweza pia kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, maana kumlinda mlaji ni kazi yao kisheria. Ukienda na karatasi unasikilizwa, ukienda na hasira tu unarudi nazo nyumbani.

Ikishafanyika dai karatasi yenye namba ya rikoli, tarehe na kilomita. Usiridhike na "tumeshafanya bosi". Na kama gari ilibadilishiwa eabegi zamani huko ilikotoka, uliza ilikuwa lini na kama bado inadai, kwa sababu miaka ya mwanzo baadhi ya gari zilibadilishiwa kikopo cha Takata kwa kikopo kingine kipya cha Takata cha aina ile ile, ikabidi ziitwe tena.

Hatua ya 5: usiguse eabegi wewe wala fundi wa mtaani

Hapa naomba sana. Kikopo kile ni baruti. Usimruhusu fundi afungue steringi akague, usinunue eabegi ya kuchomoa kwenye maduka ya spea kule Gerezani, Dar, hata kama inaonekana mpya, hujui ilitoka gari gani na ilikaa joto miaka mingapi.

Na hii tabia ya kubadilisha steringi uweke ya M Sport, ile ya spoti ya BMW, ili gari ipendeze, acha kwanza. Julai 2024 BMW waliita 3 Series zaidi ya laki tatu na tisini kule Marekani kwa sababu hiyo hiyo, gari zenyewe zilitoka kiwandani zikiwa salama, ila wenye gari huenda walibadilisha steringi wakaweka za spoti zenye kikopo cha Takata. Yani watu walijinunulia hatari kwa hela yao bila kujua. Na kibaya zaidi kitu kama hicho hutakiona kwa chesisi namba, kwa sababu mfumo unajua steringi iliyotoka nayo kiwandani tu. Kama X1 yako steringi haifanani na za wenzake wa toleo hilo, mwambie wakala aangalie namba ya eabegi yenyewe.

Hatua ya 6: wakati unasubiri spea

Spea inaweza kuchukua muda. Kama rikoli ni ya eabegi ya dereva na wakala kasema usiendeshe, usiendeshe, sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Kama ni ya upande wa abiria, hiyo siti ya mbele isikaliwe na mtu, hata safari ya dukani. Paki kwenye kivuli. Kama ni ya moto, gari ilale mbali na nyumba, isilale chini ya chumba wanacholala watoto wala kwenye banda la mbao. BMW wenyewe Machi 2022 waliwaambia Wamarekani zaidi ya laki tisa wapaki nje kwa sababu ya hita ya valvu ya kupumulia injini, na humo zilikuwemo gari ambazo zilishaitwa kabla kwa kasoro hiyo hiyo.

Kasoro ambazo hazina rikoli

Sio kila ubovu wa kiwandani unaitwa. Ile N20 niliyoitaja ina shida inayojulikana ya taimingi cheni, vile vishikio vya plastiki vinavyoiongoza cheni vinakuwa vikavu vinavunjika, cheni inalegea, ikiruka injini imekufa. Wenye gari Marekani walifungua kesi ikaishia kwa makubaliano ya kuongezewa warranti, lakini haikuwa rikoli ya usalama, na hiyo warranti haikuhusu wewe wa Mbezi. Dizeli ya N47 nayo cheni yake inachakaa mapema na imewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuifikia tu ni kazi kubwa. Kwa hizi hakuna wa kumdai. Sikiliza mlio kama filimbi au mruzi unaopanda na injini, mwambie fundi akimwaga oili aangalie kama kuna vipande vya plastiki, na badilisha oili mapema kuliko kompyuta ya gari inavyokwambia.

Kwa ambaye hajanunua bado, mwombe muuzaji picha ya chesisi kabla hujatuma hata shilingi ya advansi. Akikataa kutoa namba ya gari anayotaka kukuuzia, tafuta gari nyingine.

Na we uliyekwisha kuangalia ukakuta safi, weka alamu kwenye simu uangalie tena baada ya miezi sita. Ile rikoli ya wotapampu ilitoka 2024 kwa gari za 2012, na aliyeangalia 2023 aliambiwa hamna kitu.